Kipimo cha 22: uchambuzi wa kisa cha mhitimu mmoja wa muziki

Kisa hiki ni changu. Nilihitimu shahada ya muziki, piano ikiwa ala yangu kuu, na katika miaka yote niliyokaa chuoni kuna dakika chache ninazozirudia kichwani kuliko darasa lolote nililowahi kuhudhuria. Kwa muda mrefu nilizisimulia kama habari ya aibu. Leo nataka kuzifungua na kuzichunguza, kwa sababu zilinionyesha kwamba mwanafunzi wa muziki anaweza kufaulu kila somo na bado asiujue wimbo ulio chini ya vidole vyake.

Ulikuwa mtihani wa onyesho wa mwaka wa tatu. Watahini watatu walikaa safu ya nne, kila mmoja na nakala ya noti mapajani, na nyuma yao wanafunzi wenzangu wachache. Sharti lilikuwa kupiga bila karatasi. Nilifungua na preludi, yaani kipande cha kufungulia, na fyugi ya C maina ya mtunzi Johann Sebastian Bach, jozi ya pili katika mkusanyiko wake wa mwaka 1722 wenye jozi 24, moja kwa kila ki ya meja na ya maina. Ki ni nyumba ya wimbo, noti unayoizunguka na kuirudia; ya meja ina mwanga, ya maina ina kivuli. Preludi ilipita salama. Vidole vilikuwa baridi na goti la kulia lilikuwa likitetemeka, lakini hakuna noti iliyodondoka. Nikavuta pumzi, nikaingia kwenye fyugi.

Kwa asiyeizoea, fyugi huanza na sauti moja peke yake ikitamka wazo fupi, ambalo hapa nitaliita mada. Sauti ya pili inaingia na mada hiyo hiyo ikiwa imehamishwa, huku ya kwanza ikiendelea na mambo yake. Kisha inakuja ya tatu. Fyugi hii ina sauti tatu na vipimo 31 tu, yaani yale mafungu ya midundo yanayotenganishwa na mistari ya wima kwenye karatasi. Haizidi dakika mbili. Baina ya mada kutajwa na kutajwa tena kuna mapito, vipande vya kuvukia kutoka ki moja kwenda nyingine. Mapito ya kipimo cha 9 yanateremka kama ngazi mpaka E-flati meja, na hapo, kwenye kipimo cha 11, sauti ya juu inaichukua mada. Mapito ya kipimo cha 22 yanafanana mno na hayo. Mteremko ni ule ule, na mikono inahisi iko mahali pale pale. Kinachotofautiana ni mlango wa kutokea. Haya ya pili hayaendi E-flati. Yanabaki nyumbani, C maina, yanarefuka kidogo, kisha yanaiachia mada besi, yaani sauti ya chini kabisa.

Mimi nilitokea kwa mlango wa kwanza. Nilikuwa kwenye kipimo cha 22, nikajikuta kwenye cha 11, nikaendelea kupiga kwa utulivu kabisa, kwa mguso mzuri, kama mtu anayejua aendako.

Nisichoweza kukisahau ni kwamba sikusikia kitu. E-flati meja ina mwanga ambao C maina haina, na mtoto wa kwaya angeinua kichwa mara moja. Mimi sikuinua. Nilichosikia ni karatasi ikigeuzwa. Mtahini mmoja alikuwa amerudisha ukurasa nyuma, na kule kukwaruza kwa karatasi ndiko kulikonijulisha kwamba nimepotea.

Nilizunguka vipimo vile kumi na moja kwa mara ya pili, sasa nikiwa na hofu. Nilipofika tena kwenye mteremko, mikono ilisimama juu ya ngazi. Ukimya. Nilirudi kipimo cha 20 nikajaribu tena, nikakwama pale pale. Mtahini mkuu akasema kwa upole, "Anza popote unapopajua." Mahali pekee nilipopajua ni mwanzo. Nikaanza mwanzo, nikafika kipimo cha 22, nikakwama kwa mara ya nne, nikarukia akodi ya mwisho, zile noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, na kuinuka.

Nilifeli onyesho. Lilikuwa somo la kwanza kufeli tangu nijiunge na chuo.

Sasa nirudi nyuma, kwa sababu jambo hili halikuanzia jukwaani.

Niliingia chuoni nikiwa mtu wa kusikia. Nilikuwa nimepigia kwaya kinanda kwa miaka mingi bila kusoma noti za mistari. Mwimbishaji aliguna mstari mmoja, nami nikaitafuta ki, nikaipata, na ubeti wa pili ulinikuta na besi tayari. Nilichokijua kwa maandishi ni solfa, ile do re mi ya herufi iliyoandikwa kwenye makaratasi ya kwaya. Mizizi yake ni ya kale. Mtawa Guido wa Arezzo, katika karne ya 11, alitumia silabi za mwanzo za mistari ya utenzi mmoja wa Kilatini kuwafundisha waimbaji kuzipata noti. Karne ya 19 kule Uingereza, Sarah Glover aliijenga upya kwa ajili ya watu wasiosoma noti za mistari, na John Curwen akaisambaza. Ni mfumo wa do inayohama: ki ikipanda, do inapanda nayo. Haukuambii noti inaitwaje. Unakuambia noti inafanya kazi gani, inatoka wapi na inataka kwenda wapi.

Wiki ya kwanza tulipimwa kusoma noti papo hapo. Niliwekewa karatasi yenye flati nne, zile alama za kushusha noti, nikahangaika na vipimo viwili. Mwalimu aliyekuwa akipima aliniuliza, "Kwani unasoma au husomi?" Nikamjibu, "Nasikia, mwalimu." Akasema, "Hapa tunasoma." Hakusema kwa ukali, na nadhani alisahau kabla sijafika mlangoni. Mimi sikusahau. Nilitoka pale nimeamua kwamba sikio langu ni ushahidi wa ushamba, na kwamba mtu wa shahada hufanya kazi kwa karatasi.

Basi nikajifunza kusoma. Nilifanya hivyo kwa bidii ninayojivunia mpaka leo, saa mbili kila asubuhi na mbili usiku, mpaka karatasi ya piano ikawa nyepesi kama gazeti. Sijutii hata dakika moja ya kazi hiyo. Ninachojutia ni nilichokizima ili nipate nafasi yake. Niliacha kupiga nyimbo nilizozisikia. Niliacha kuhamisha ki. Wenzangu walipokusanyika jioni kupiga kwa kubahatisha na kucheka, nilijifanya nina kazi. Hata solfa niliificha, kwa kuwa darasani tulitaja noti kwa herufi na niliogopa kusikika nikisema "mi" badala ya G.

Kuna darasa moja lililokuwa tofauti, na lazima nilitaje kwa sababu lilinipa dalili nikashindwa kuisoma. Lilikuwa la elimu ya sauti, mwaka wa kwanza. Mhadhiri alieleza kwamba tano kamili, umbali kama wa do na so, huzaliwa pale mitetemo ya sauti mbili inapokuwa kwa uwiano wa 3 kwa 2, na tatu kubwa, do na mi, kwa uwiano wa 5 kwa 4. Kisha akaeleza kwamba nyuzi za piano hazikazwi hivyo. Ili ki zote zitumike kwenye chombo kimoja, oktavu, umbali wa do mpaka do inayofuata, hugawanywa katika hatua 12 zilizo sawa ziitwazo nusu toni, na tatu zote kubwa hupanuliwa. Kwa kipimo cha senti alichokitumia Alexander Ellis katika karne ya 19, nusu toni moja ikiwa senti 100, tatu kubwa safi ni senti 386 hivi, na ya piano ni 400. Tofauti ya senti 14 inasikika.

Nilikaa kimya, na machozi yalikuwa karibu. Kwa miaka yote ya kwaya nilikuwa nimesikia kitu ambacho sikuthubutu kumwambia mtu: waimbaji wakiimba bila kinanda, akodi inatulia na kuwa tamu, mimi nikiingia na kinanda, utamu unapungua. Nilidhani wao wanashuka. Kumbe walikuwa wakiziweka tatu zao mahali asili inapozitaka, na mimi ndiye nilikuwa nikizivuta juu. Sikio langu lilikuwa limeona jambo la kweli, likakosa jina lake tu. Ningekuwa na busara ningetoka darasani siku ile na kurudi kupiga kwa kusikia. Badala yake niliandika muhtasari mzuri, nikapata alama nzuri, nikaendelea kujificha.

Sasa nifike kwenye ushahidi unaoniuma zaidi. Fyugi hiyo hiyo ya C maina nilikuwa nimeichambua kwenye somo la nadharia mwaka wa pili. Karatasi ninayo. Mada nimeipaka penseli nyekundu kila inapoingia, jibu, yaani mada ikiwa imehamishwa, kwa bluu, mapito kwa kijani. Pembeni nimeandika kwa mwandiko safi kwamba jibu la kipimo cha 3 limerekebishwa: pale ambapo, kama mada ingehamishwa sawasawa, ungeitarajia D, Bach ameweka C, ili wimbo usihame nyumbani mapema mno. Na kwenye kipimo cha 22 kuna mshale wa kijani unaorudi kipimo cha 9, na maneno haya: "kama mwanzo, lakini hatoki". Nilipata alama zote.

Kwa hiyo yule mtu aliyekwama mara nne kwenye kipimo cha 22 alikuwa amekiandikia ufafanuzi kipimo hicho hicho, mwaka mmoja kabla. Na kwenye somo la mazoezi ya sikio, muhula uliotangulia mtihani, nilikuwa nimepimwa kutambua maina ikigeuka meja na sikukosa hata mara moja. Nilijua kwa penseli, nilijua kwa sikio nikiwa mbele ya redio, nilijua kwa vidole nikiwa kwenye chumba cha mazoezi. Elimu hizo tatu hazikuwa zimewahi kukutana. Kila moja ilikuwa na ratiba yake, chumba chake, mwalimu wake na mtihani wake.

Baada ya mtihani kila mtu alikuwa na maelezo. La kwanza lilikuwa woga. Wenzangu walinihurumia: umeshikwa na jukwaa, inamtokea kila mtu. Woga ulikuwepo, siukatai. Lakini niliogopa vile vile kwenye preludi na sikupotea, na niliogopa vile vile kwenye kipimo cha 9. Woga hutikisa nyumba nzima, kisha nyumba inapasuka palipo na ufa. Swali ni kwa nini ufa ulikuwa pale na si kwingine.

La pili lilikuwa saa: hukufanya mazoezi ya kutosha. Hili lina heshima zake chuoni, hasa tangu utafiti wa mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake wa mwaka 1993, uliowahoji wanafunzi wa fidla huko Berlin na kukuta walio bora zaidi walikuwa wamekusanya mazoezi mengi mno kabla ya kufika miaka 20. Watu wamechukua hesabu ya saa na kuacha neno la pili la watafiti hao, kwamba yalikuwa mazoezi ya makusudi, yenye lengo na kusahihishwa. Saa nilikuwa nazo. Nilikuwa nimeipiga fyugi ile kutoka mwanzo mpaka mwisho mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na kila mara nilijifunza kitu kimoja: kwamba baada ya noti hii vidole vinakwenda pale. Huo ni mnyororo, na mnyororo una pete moja tu ya kushikia, ya mwanzo. Tena pale ambapo pete mbili zinafanana, yaani 9 na 22, mnyororo hauna namna ya kuzitofautisha. Ukiurudia mara elfu unazidi kuukaza ufanano huo.

La tatu lilitoka kwa wachache waliouliza kwa nini mwanafunzi alazimishwe kupiga bila karatasi. Ni swali la haki. Desturi yenyewe si ya kale kama inavyodhaniwa. Ilienea katika karne ya 19, na Clara Wieck, ambaye baadaye alikuwa Clara Schumann, pamoja na Franz Liszt, wote wapiga piano, walikuwa miongoni mwa walioizoesha hadhira. Kabla ya hapo kupiga bila noti kungeweza kuonekana majivuno. Mimi naona vyuo vingeweza kulegeza sharti hilo bila hasara kubwa. Hata hivyo, karatasi isingeniponya, ingenifichia tu. Ningepita kwenye kipimo cha 22 salama, nikahitimu bila kujua kwamba nilikuwa sisikii ninachopiga.

Mwalimu wangu wa piano hakuwepo kwenye safu ya watahini. Aliniita siku iliyofuata. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kujitetea, lakini hakuuliza habari za mtihani. Alifunga kifuniko cha piano, akakaa pembeni, akaniambia, "Niimbie besi. Kuanzia kipimo cha 7."

Nikasema, "Mwalimu, siwezi kuimba besi peke yake. Naijua ikiwa na mkono."

Alinitazama kwa muda. Akasema, "Basi huijui." Kisha akauliza jambo ambalo miaka mitatu hakuna aliyeniuliza: kabla ya kuja hapa ulikuwa unapigaje?

Nikamwambia yote. Kwaya, kuguna, solfa, ile siku ya "hapa tunasoma". Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Niimbie mada kwa solfa yako." Sauti ilinikwama kwa aibu, kisha ikatoka: la se la mi fa, la se la ti mi, la se la ti re mi fa mi re do. Noti 20, na se ni so iliyopandishwa. Nilipofika kwenye do ya mwisho nilijikuta nimenyamaza mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimesikia kitu. Mada nzima inazunguka la, ambayo kwenye maina ndiyo nyumbani, inajaribu kuondoka, inarudi, inajaribu tena, na hatimaye inateremka fa mi re do, na do hiyo ndiyo E-flati. Yaani ule mlango ulionipoteza umo ndani ya mada yenyewe. Wimbo unaichungulia E-flati kila mara mada inapoisha. Kipimo cha 11 kinaingia pale ambapo mada ilikuwa ikichungulia tu. Kipimo cha 22 kinafika kizingitini na kugeuka.

Nilikuwa nimeandika "lakini hatoki" kwa penseli ya kijani, na sasa ndipo nilipoisikia sentensi hiyo.

Alinipa wiki sita kabla ya mtihani wa marudio. Tulichofanya kilikuwa kigumu na cha kuchosha, na nitakieleza kwa kuwa huenda kuna mwanafunzi anayehitaji. Niliimba kila sauti peke yake kwa solfa. Kisha nikaimba moja na kupiga mbili, nikabadilishana mpaka zote tatu zimepita kooni. Hapo niligundua kwamba sauti ya kati, ndiyo iliyofungua fyugi, sikuwa nimewahi kuisikiliza baada ya kipimo cha 3. Ilikuwa imezama mkononi. Halafu nikapiga polepole mno, noti moja kwa kila pumzi. Kasi huficha mengi. Ukipunguza mwendo kiasi hicho, vidole vinapoteza mnyororo wao na kinachobaki ni unachokijua. Siku ya kwanza sikuvuka kipimo cha 6.

Tukaweka vituo. Mwalimu alikuwa na mkebe wa vikaratasi vyenye namba 1 hadi 31. Alivuta kimoja, nami nikaanzia hapo. Wakati huo sikujua kwamba mwanasaikolojia Roger Chaffin alikuwa ameshirikiana na mpiga piano Gabriela Imreh kufuatilia jinsi mpiga piano huyo alivyojifunza kipande cha mwisho cha utunzi mwingine wa Bach, na kwamba walikuta uti wa kumbukumbu ni alama alizojiwekea kichwani, mahali ambapo angeweza kuushika wimbo hata akidondoka. Alipokaa muda mrefu bila kuupiga kisha akaombwa auandike, alikumbuka vizuri zaidi mianzo ya sehemu. Niliposoma hayo baadaye nilikumbuka mkebe wa vikaratasi. Watahini waliniambia nianze popote ninapopajua, na tofauti yangu na mtu aliyejiandaa ilikuwa hiyo tu: yeye ana mahali 31.

Mwisho tukafanya lile nililolikimbia tangu mwaka wa kwanza. Niliihamisha fyugi nzima ki ya D maina, kwa sikio, bila karatasi. Vidole vilikataa kabisa. Sikio ndilo lililovishika mkono na kuvipeleka, kama zamani nilivyoipeleka kwaya ki ya juu mwimbishaji alipoomba. Ilichukua siku nne. Siku ya nne nilifika kipimo cha 22, nikakiona kizingiti, nikageuka, nikacheka peke yangu chumbani.

Mtihani wa marudio ulikuwa na watahini wale wale. Nilitetemeka vile vile. Kwenye kipimo cha 17 kidole cha nne kiliteleza na sauti ya kati ikapotea kabisa kwa nusu kipimo. Nikaisubiri, nikaipokea kwenye mdundo uliofuata, na nadhani hadhira haikujua. Kwenye 22 sikufikiria lolote. Nilikuwa nikiimba ndani. Besi ikaichukua mada, kisha ikatua kwenye C ndefu huku sauti ya juu ikiisema mada kwa mara ya mwisho juu yake, na akodi ya mwisho ikaja meja, na E yake asilia, isiyo flati, iliyokuwa ikisubiriwa wimbo mzima. Nilipata alama ya wastani. Kwa kanuni za marudio isingeweza kuzidi hapo, na bado imeandikwa kwenye cheti changu.

Nimejiuliza mara nyingi lawama zigawanywe vipi. Sehemu kubwa ni yangu: hakuna aliyeniamuru niache kusikia. Lakini siwezi kukiachia chuo kabisa. Programu ya muziki inayogawa elimu katika vyumba na kupima kila chumba peke yake inamfundisha mwanafunzi, bila kukusudia, kwamba vitu hivyo ni vitu tofauti. Fyugi moja ilipita kwenye masomo matatu yangu na hakuna mtihani hata mmoja ulioniuliza nikae kwenye piano niipige na kueleza kwa kuimba ninachokipiga. Kufanya hivyo kusingegharimu chochote. Na yule anayeingia akiwa na sikio tayari angeulizwa siku ya kwanza: unasikia nini? Swali la kusoma lingefuata, na lingefuata kwa ukali wake wote, kwa maana kusoma ni lazima. Mwaka 1960 Mantle Hood, mtafiti wa muziki wa tamaduni mbalimbali, alitoa hoja kwamba mtafiti wa muziki wa watu wengine anapaswa kuupiga na kuuimba mwenyewe, awe kama mtu wa lugha mbili. Mimi nilikuwa na lugha mbili ndani ya muziki mmoja, nikadhani ni lazima niue moja.

Watu huniuliza kama shahada ya muziki ina faida. Nadhani wanauliza kuhusu kazi, na kazi ninayo: nafundisha piano na kusindikiza waimbaji. Ila ninapofikiria swali hilo, kinachonijia ni ile darasa ya senti 14 na ule mkebe wa vikaratasi. Bila chuo nisingejua kwa nini kwaya ilikuwa sahihi, na nisingeijua fyugi ile kama ninavyoijua. Ningeendelea kusikia bila kujua ninachosikia. Nilichokipata pale ni kikubwa, na nilikaribia kukikosa.

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja, ana miaka 12, alipiga kipande cha wiki vizuri ajabu, lakini macho yake hayakugusa karatasi. Nilipogeuza ukurasa kabla ya wakati hakushtuka. Nikamuuliza ameusomaje. Akainamisha kichwa, akasema, "Samahani, mwalimu. Nimeusikia kwa kaka yangu akiupiga, nikaushika." Nikafunga kitabu. Nikamwomba aupige tena, noti moja juu. Alitafuta kidogo, akakosea mara mbili, akaupata. Kisha nikakifungua kitabu ukurasa wa kwanza, nikakisogeza katikati yetu, nikamwambia tuanze kutafuta, mstari kwa mstari, ni wapi walipoandika hicho alichokisikia.